Viti Mia na Ishirini

Mimi kazi yangu viti.
Vya plastiki, vyeupe, jina langu mgongoni kwa rangi nyekundu
visije vikahamia ukoo mwingine.
Nimevipeleka Tandika, Keko, Mtoni,
harusi, vikoba, arobaini.
Kiti hakiulizi: kilio au vigelegele?

Walipokuja kamati ya tamasha la mtaa
wakasema Jumamosi nne, ukumbi wa shule, Chang'ombe,
muziki wa watu wanne, hauna spika.
Nikauliza: hauna, au zimeharibika?

Jumamosi ya kwanza nilipanga vyote.
Wakaja watu thelathini na mmoja, ukimhesabu mlinzi.
Fidla mbili. Melkiori Haule na viola,
ambayo kwangu ilikuwa fidla ya tatu iliyokula vizuri.
Na selo, kaikumbatia Tumpale Mwaisumo, mwalimu wa hesabu,
kama anayemtuliza mtoto wa dada yake mwenye homa.
Wakapiga kazi ya Mzungu
aliyekufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa.
Ikakoma. Tukapiga makofi.
Kumbe haijaisha, imevuta pumzi tu.
Bwana mmoja wa mbele akageuka akatutazama
kama tumecheka msibani.
Tumpale akasema, "Pigeni tu.
Hata sisi hatukuwa na hakika kama tungefika hapa."

Jumamosi ya pili, mvua.
Wewe unayeijua masika juu ya bati
unajua hakuna fidla ya kuishinda.
Waliendelea. Tuliona pinde zikipanda, zikishuka,
midomo yao ikihesabu,
hatukusikia kitu,
na hakuna aliyeondoka. Tungekwenda wapi?
Mara mvua ikakata, ghafla, kama deni lililolipwa,
na muziki ukawa upo palepale, katikati ya neno,
kumbe muda wote ulikuwa unaongea nasi.

Jumamosi ya tatu viti havikutosha.
Sijui nani alipita akisema nini huko mitaani.
Watoto dirishani, mafundi wa gereji wamenawa hadi viwiko.
Kikaja kipande cha taratibu, kile cha kuinamisha watu shingo,
na Bi Zamda wa vitumbua akainuka,
mwendo wa harusini, bega hili, bega lile,
hana haraka, elfu mbili ameishika juu wote tuione,
akaenda kumtunza Tumpale.
Akaibandika pale penye karatasi zake:
noti juu ya noti.
Mistari miwili ikafunikwa.
Tumpale akaipiga kwa moyo.

Jumamosi ya nne, asubuhi, viti vilikuwa Keko.
Mzee Haule, baba yake Melkiori, tulimzika saa saba.
Tuliporudi makaburini wenyewe wakashuka kwenye mikeka,
wakaniambia, chukua, una watu jioni.
Nikapakia. Vumbi la Keko sikulifuta lote.

Ukumbini mbele nikaweka vitatu.
Walipiga watatu kilekile cha taratibu,
na pale pa viola hawakupaziba.
Walifika wakapasubiri,
kama mnavyompisha mtu mlangoni,
kisha wakaendelea.
Mimi ambaye wiki tatu sikuweza kuitenga sauti yake
na zile nyingine,
nikaisikia.
Bi Zamda naye aliisikia; alikaa na noti yake mkononi
mpaka ikalowa jasho.

Saa nne usiku tunapakia.
Utingo anahesabu kwa sauti, anarudia, anatukana kidogo.
Mia na kumi na tisa.
"Bosi, kimoja kimebaki Keko. Tupitie?"
Nilikiona nikiondoka: uani, karibu na pipa la maji,
na Melkiori juu yake, kesi ya viola magotini,
imefungwa.

Nikamwambia, kiache.
Kina mtu.