Taa ya Piroska

Mchana natengeneza matanuri ya mkate huko Kaposvár.
Usiku, mwezi ukishakufa, nabeba darubini
hadi nyuma ya banda la kuku, hapa Zselic,
nikaielekeza Pembetatu,
galaksi iliyojilaza ubavu, haina haraka na mtu.

Dakika tatu. Kamera inafumba jicho. Dakika tatu tena.
Vipande themanini kabla ya alfajiri,
na kila kimoja peke yake ni aibu tupu:
giza lenye chenga, kama unga uliochekechwa na mlevi.
Haba na haba, walisema waliokwisha kujaza kibaba;
hawakusema umande unavyotanda kwenye lenzi,
wala paka wa jirani anavyojikuna mgongo
kwenye mguu wa darubini,
mpaka nyota zote za kipande cha arobaini na moja
zikawa njiti za kiberiti.

Paka nimemsamehe. Shida yangu ni taa.

Iko barazani kwa Piroska, upande wa mashariki,
balbu ya zamani, njano kama kiini cha yai.
Huwaka tangu giza likiingia hadi jogoo,
inalipaka anga langu siagi.
Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Wa pili
nikampelekea chupa ya pombe kali ya plamu
na habari ya mwanga: kwamba huu ninaouvizia
uliondoka kwao kabla mtu hajawa mtu,
ukatembea miaka milioni mbili na ushei,
usingizi haukuupata, njia haukuipoteza,
na ukifika, ukifika hasa, hatua ya mwisho kabisa,
unapigwa kumbo na balbu ya wati sitini.

Piroska alisuuza glasi mbili. Akanywa yake yote.
"Kitu kilichotoka mbali hivyo," akasema,
"kinaogopa taa yangu?"
Kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Bálint aliondoka na lori la Rotterdam.
Pale langoni pana shimo. Akija usiku ataanguka."

Miaka kumi na mmoja.
Lile shimo nililifukia mwenyewe kwa kokoto,
yeye akinishikia toroli.
Sikujibu. Nilifika nyumbani
nikakuta glasi yake bado iko mkononi mwangu.

Yapo maarifa ya kompyuta. Unaionyesha
mwanga usioutaka, nayo inauengua
kama mtu anavyoengua mafuta juu ya mchuzi.
Nilifanya hivyo. Mikono ya galaksi ikajinyoosha,
yakatoka madoa mekundu, mawingu yanayozaa nyota
(au yaliyozaa; huenda wazazi na wana wamekwisha kuzikwa,
barua tu ndiyo imefika).
Kona ya mashariki ikawa nyeusi, safi, ya kushindania tuzo.
Niliichapisha, nikampelekea pamoja na glasi.
Aliishika mbali na uso, kama wanavyofanya wasio na miwani.
"Nzuri," akasema. "Na kwangu ni wapi?"

Jumanne taa ilizimika.
Saa tano na robo, bila upepo, bila mwezi.
Giza likashuka la kweli, giza la babu zangu,
na Pembetatu nikaiona kwa macho yangu haya,
doa, pumzi juu ya kioo.
Usiku huo niliuomba miaka miwili.

Nilipiga kipande cha kwanza. Cha pili.
Upande wa pili wa uzio mlango ulifunguka,
nikasikia kiti kikiburutwa, kisha kikongwe
akihangaika kukipanda, akishuka, akihema.
Kipande cha sita kilikuwa safi kuliko vyote
nilivyopata maishani.
Cha saba sikukingoja.

Kabatini mlikuwa na balbu mbili.
Nikachukua ya wati arobaini,
maana mimi si malaika,
na ngazi.