Asilimia Sitini na Moja

Usiku wa kuamkia Alhamisi. Nje, Soroca ni nyeupe pe,
theluji imefunika hata waya za uzio.
Nimekaa jikoni, miguu imeelekea jiko,
nasahihisha bila kalamu.
Siku hizi kusahihisha ni kufungua kishikwambi
na kusoma yale ambayo programu imekwisha kuyaamua:
Liuba, kijani. Tudora, kijani.
Pavel, manjano, kisha kijani.
Ghenadie, nyekundu.
Nyekundu.
Majaribio arobaini na saba.

Arobaini na saba! Kijana ambaye darasani
hutoa neno kama mtu anayelipa deni la jirani.
Kuanzia saa sita na dakika nne usiku
mpaka saa saba kasorobo, sentensi moja tu,
wala si ya zoezi nililowapa
(niliwapa la sokoni: nyanya bei gani, naomba mfuko).
Hii kaiandika mwenyewe, kwa Kiitaliano chake cha kuokoteza:
Buonasera. Sono il figlio di Nadejda.
Habari za jioni. Mimi ni mwana wa Nadejda.

Naweka spika masikioni.
Jaribio la kwanza: filio. Hamsini na nane.
La tisa: fiyo. Hamsini na mbili.
Sauti ile haimo katika lugha yetu;
ulimi hauna budi kulala bapa, ukumbatie kaakaa,
na ulimi wa Ghenadie haujazoea kulala.
La ishirini: mbwa anabweka, mlango unalia,
bibi yake anakohoa, anauliza, unasema na nani saa hizi?
Na mashine, bibi. Lala.
La thelathini na tatu: kicheko kifupi, cha hasira.
La arobaini na saba: ananong'ona.
Sitini na moja.
Na programu, kwa uchangamfu wake usiojua usiku,
inamwandikia: Jaribu tena!

Asubuhi namzuia kabla hajavaa kofia.
Anayatazama mabuti yake.
"Simu ya mama imevunjika.
Napiga ya nyumba anayofanyia kazi, kule Bergamo.
Anapokea kikongwe. Masikio yake mazito.
Nikisema, anakata.
Anadhani nauza vyombo."

Basi tukabaki baada ya kengele.
Nikairekodi sauti yangu, nikaipunguza mwendo
mpaka neno likavutika kama jibini ya moto,
na mchoro wake ukapanda na kushuka kwenye kioo.
Akaufuata kwa kidole, mara mbili, mara tano,
kidole chenye wino na ukucha ulioliwa.
Kisha nikajificha nyuma ya kabati la ramani,
nikawa kikongwe wa Bergamo:
"Pronto? Nani? Sihitaji sufuria!"
Akacheka. Nikakata.
Akapiga tena, ngumi sikioni.
Nikakata mara sita, moyo ukiniuma.
Ya saba nikamwachia.

Jumatatu nafungua orodha.
Ghenadie: majaribio sifuri.
Nikajua imeshindikana, amekata tamaa;
nikapoteza saa nzima ya kwanza
nikiwafundisha wengine kitu nisichokikumbuka.

"Alikusikia?"
"Hakusikia. Nikalitaja jina la mama mara tatu,
na la nne kwa kupiga kelele. Akamwita.
Baadaye kikongwe akamnyang'anya simu
akanisahihisha: figlio, figlio,
mpaka chakula chao kikapoa.
Kasema nipige tena Jumapili, atanisikiliza."

Ripoti ya muhula inafungwa Ijumaa.
Nimetafuta kila pembe ya ukurasa
kisanduku cha kuandikia jambo hili:
kuna cha msamiati, cha matamshi, cha mahudhurio,
kuna nyota za dhahabu za kubonyeza.
Sitini na moja imebaki palepale, nyekundu.
Jiko limepoa. Naongeza kuni moja,
nasikiliza tena jaribio la ishirini,
pale anapomwambia bibi yake alale.