Kidonda cha Diwani

Nilimpa jina Diwani kwa sababu ukimwita haitiki,
na siku ya kugawa pumba yuko wa kwanza.
Punda wa Igombe, rangi ya majivu,
msalaba mweusi mgongoni kama wenzake wote,
na pale mistari inapokutana
kidonda, upana wa kikombe cha kahawa.

Sikukiona kikianza.
Niseme kweli: nilikiona, nikakifunika kwa gunia.
Dagaa hawangoji. Lori la Kirumba halingoji.
Punda afe, mzigo ufike,
nami nilisema hivyo nikicheka, nikikaza kamba.

Nyanzobe wa mifugo alishuka kwenye pikipiki,
akanusa kabla ya kugusa.
"Huu si ugonjwa, ni hesabu.
Magunia matatu mahali pa mawili,
na tandiko lenyewe mfuko wa saruji."
Hakunipa sindano. Alinipa kazi.

Maji yachemke na chumvi, yapoe.
Usikisugue kama sufuria.
Asali ile nyeusi, kidogo, kwa kijiko safi.
Mwarobaini pembeni, usiingie ndani,
maana nzi wa dagaa hawana likizo.
Na asibebe. Hata ndoo. Hata mtoto.
"Mpaka lini?"
"Mpaka kiseme chenyewe."

Wiki ya pili usaha ulikauka.
Wiki ya tano ukingo ukaanza kusogea,
mwekundu mwekundu, punje ya mtama kwa juma,
nikawa naupima kwa njiti ya kiberiti
kama watu wa bandarini wanavyopima ziwa.

Siku ya arobaini na mbili kigaga kilikuwa kikavu.
Michango ya shule ya Lubango ilikuwa bado.
Nikatandika. Gunia moja tu, nikasema. Moja.
Hakugoma. Laiti angegoma!
Kufika barabarani nikainua gunia
na kigaga kikainuka nalo,
kimeng'ang'ania nyuzi
kama muhuri uliobanduka kwenye barua ya mtu mwingine.

Nikarudi kwenye chumvi, kwenye sufuria ile ile.
Hesabu ikaanzia moja.

Kesho yake nilibeba mwenyewe,
kutoka mchangani hadi kwenye lami, bega la kulia.
Safari ya tatu ngozi ikaniambia jambo
ambalo Diwani alikuwa akilisema kwa masikio
miaka minne.

Ng'washi, mke wangu, hakunipa pole.
Alichukua godoro bovu, akalikata,
akashona tandiko kwa uzi wa nyavu,
na katikati akatoboa dirisha,
hewa tupu,
ili siku ikifika mzigo upite bila kugusa.

Siku hiyo haijafika. Vuli imekuja, imekwenda.
Kidonda sasa ni sarafu ya mia mbili.
Nywele zinazoota pembeni ni nyeupe,
na Nyanzobe anasema hazitarudi kuwa nyeusi:
kila atakayempita njiani
atasoma pale nilichofanya.

Jioni namwekea pumba, nanawa mikono.
Fadhila za punda ni mateke, wanasema.
Leo ameniegemeza kichwa begani,
bega lile lile,
kwa uzito wake wote.
Limeuma.
Sikusogea.