Kikomo

Rannvá, wewe bado una miaka thelathini ya kuruka.
Mimi nimebakiwa na wiki tatu na kijisanduku cha kalamu,
kwa hiyo acha nikuambie kuhusu zile taa.

Unaikumbuka Novemba ile. Tulitoka Kopenhageni
na abiria themanini na wanane,
na mafuta ya kwenda, ya kugeuza njia,
na ya kujuta kidogo; ndivyo nilivyofundishwa kuyahesabu.
Vágar ilikuwa imejigubika gubigubi.
Upepo wa kusini-mashariki ulipanda milima
ukashuka upande wa pili kama maji yanayomwagwa ngazini,
hata birika la kahawa likagonga meno kabatini.

Ulisoma kimo kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji.
"Elfu moja. Mwendo sawa."
Sauti isiyoomba, isiyobembeleza.
Niliipenda. Sikuwa nimeanza kuiogopa.

Mia sita.
Nje pamba, pamba chafu, pamba iliyolowa.
Mia tano. "Kikomo," ukasema.

Na hapo, Rannvá, niliona taa.
Nyeupe, mbili, labda tatu, kushoto kidogo
ya mahali ambapo kiwanja hukaa siku zote.
Moyo wangu ulikwisha kutua. Ulikwisha kuegesha na kuzima injini,
ulikuwa Sandavágur mlangoni ukivua viatu,
na mkono ulikuwa unaufuata.

"Umeona?" ukauliza.
Nikanyamaza sekunde moja.
Kwa mwendo ule sekunde moja ni mita sitini na saba;
niliipima baadaye, usiku, kwa kalamu.

Ukasema, "Paa."

Hukusema samahani kapteni, hukusema nadhani.
Neno la silabi mbili, na mikono yangu ikalitii
kabla kiburi hakijafungua mkanda kisimame.
Nguvu. Pua juu. Magurudumu ndani.
Mlima tusiouona ukapita mahali tusipopaona.

Tukaenda Bergen.
Wasichana wa timu ya mpira wa mikono walilala juu ya mabegi.
Mama mmoja aliniuliza leseni niliinunua wapi.
Na Eyðun Dalsgaard, fundi wa vizimba vya samaki,
koti jeusi, maua yamefungwa kwenye gazeti,
hakusema kitu. Mama yake alizikwa kesho yake saa saba mchana,
Miðvágur, mwanawe akitazama ubao wa safari.

Mwaka huu tumekutana kwenye kituo cha mafuta.
Akanitambua. "Jirani yangu alikuwa nje jioni ile," akasema.
"Anasema ukungu ulikuwa unainuka. Anasema mngeweza."

Labda.
Mpaka leo sijui zile taa zilikuwa za nani:
za kiwanja, za lori kwenye barabara ya Sørvágur,
au za mtu na tochi akitafuta kondoo wake.
Ningemwonyesha nini Eyðun? Ajali iliyotokea ina tume, ina ripoti,
ina jiwe lenye majina.
Isiyotokea haina hata kaburi.
Nikamlipia kahawa. Akainywa nusu.

Kuuliza si ujinga, ni kweli,
lakini kuna kimo ambacho maswali yanapaswa kuwa yamekwisha.
Tulikwisha kuuliza chini, mezani, matumbo yameshiba,
jibu tukaliandika kwa tarakimu
maana tunaujua moyo: hufuta herufi.

Wiki ijayo utavaa mistari minne begani.
Kulia kwako ataketi kijana, huenda ana chunusi bado,
huenda anakuogopa. Mwondolee woga huo mapema,
kabla ya injini, kabla ya kahawa.
Na siku atakayolisema neno lile
nawe umeona taa,
nawe una hakika,
nawe pengine una haki,

paa.
Mengine mtabishania Bergen.