Mstari wa Tano

Fomu ya ushirika ina mistari sita.
Jina: Mbodze Kalama. Makao: Gongoni, nyuma ya kinu.
Watoto: watatu juu ya ardhi, mmoja chini.
Kazi: kukwangua chumvi.
Kisha mstari wa tano unanikodolea macho:
Tarehe ya kuokoka,
na vitone kumi na viwili
kama sisimizi waliopanga foleni.

Bi Elseba, katibu, anabonyeza kalamu, ta, ta.
"Mama, hata saa tu. Asubuhi? Jioni?"

Mume wangu Tunje hana taabu na mstari huu.
Yeye ni tarehe tisa Agosti, saa mbili usiku,
uwanja wa shule, jenereta likikohoa.
Alikwenda kuchungulia tu, kibuyu cha mnazi kwapani,
akarudi mikono mitupu, analia
kama mtoto aliyeota ameanguka.
Tarehe ameichora kwa mkaa juu ya mlango.
Siwezi kumcheka. Nilikuwepo kabla, nipo baada,
na tangu usiku ule mlango haujapigwa teke.
Ila mbuzi wa Jefwa, aliyeuzwa kwa ajili ya mnazi,
amelipwa juzi, miaka mitatu baadaye,
na siku hiyo wokovu wa Tunje ulikuwa unatoka jasho.

Mimi je?
Niliiba. Si sana.
Nikijaza magunia ishirini naandikisha ishirini na moja;
karani hana mazoea ya kuhesabu mara mbili.
Na nilimchukia wifi yangu Nyevu
kwa neno alilolisema matangani mwa mwanangu,
chuki niliyoipasha moto kila asubuhi pamoja na chai.
Kanisani nilikaa benchi la nyuma, nikifuata kivuli.
Mahubiri yalinipitia kama upepo kwenye wavu.
Hapakuwa na radi. Hakuna aliyenisukuma.
Ila msimu mmoja, hesabu ilipofika ishirini,
ulimi ulisita, kisha ukasema ishirini na moja.
Msimu uliofuata ulisita, ukanyamaza.
Na siku moja, nikimenya muhogo, nikagundua
kwamba jana nimempelekea Nyevu unga
na nimesahau kumchukia.
Niliitafuta ile chuki
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.
Imeondoka lini? Sikusikia mlango.

Bi Elseba, njoo siku moja mabwawani.
Maji yakiingia bwawa la kwanza ni bahari tupu.
Tunayahamishia la pili, la tatu,
jua linayala kidogo kidogo.
Ukitazama, ni maji. Mwezi ukipita, ni maji.
Halafu alfajiri moja unafika, koleo begani,
na kando ya tuta pana utando mweupe,
mwembamba kama wa maziwa yanayopoa.
Usikatae, ilikuwepo saa.
Ilikuwepo punje iliyotangulia wenzake.
Lakini sisi tulikuwa tumelala,
na Aliyekuwa macho hakutuamsha.

Tena usinitishe na mvua, naijua.
Nimeona msimu mzima ukirudi kuwa maji
mchana mmoja wa Aprili,
wanaume wazima wamekaa tutani, mabuti miguuni,
hawana la kusema.
Ndiyo maana nikiulizwa kama nimeokoka
huitikia ndiyo kwa sauti ndogo,
na kesho yake naamka mapema kwenda kutazama.

Bi Elseba anaangalia saa ya ukutani,
anaangalia watu waliobaki nje kwenye jua.
"Mchungaji Ngumbao hapokei fomu yenye pengo."
Anaiweka kalamu chini. Anapekua mkoba,
anatoa kipande cha penseli kilichotafunwa,
anaandika tarehe ya leo,
hafifu, ya kufutika.
Halafu, bila kuniangalia:
"Na mimi yangu niliandikiwa."