Mwenye Nguo Saba

Kitendawili! Tega.
Ana nguo saba, hana kifungo hata kimoja,
ukimvua unalia wewe.
Watoto wa Mabatini hulijibu kabla hujamaliza kutega.
Mimi nilichelewa. Jibu lilinifikia
paka amelala nyuma ya mtungi,
ufizi mweupe kama muhogo uliomenywa.

Jina lake Sumni. Nilimwokota Mwaloni
kati ya magunia ya dagaa, anaenea kiganjani,
nikampandisha nyumbani, ngazi mia na kitu za mawe,
ndani ya kikapu, pamoja na nyanya.

Nami ni mtu wa kupenda kwa upawa.
Nikimrosti sato, vitunguu vitatu, saumu nusu kichwa,
harufu inashuka jabali kwa jabali hadi barabarani;
basi na yeye nimtilie mchuzi juu ya ugali.
Kwa nini ale makavu
katika nyumba yenye sufuria?

Siku ya nne akaacha kuruka dirishani.
Siku ya tano mkojo wake ukawa chai ya rangi.
Nikasimama juu ya jiwe langu, kanga kiunoni,
nikamtupia Nyanjige maneno yasiyookoteka:
Ni wewe! Umemtegea sumu ya panya!
Hakujibu. Alianua nguo zake
zikiwa mbichi, akaingia ndani.

Daktari Bwire alikuja na buti za tope,
katoka kwa ng'ombe wa watu Usagara.
Akafunua mdomo wa Sumni, akatazama jicho,
habari za panya hakuuliza.
"Anakula nini?"
Tunachokula sisi, nikasema, kwa kujidai.
"Na kitunguu?"
Daktari, mchuzi bila kitunguu ni mchuzi?
Akanyamaza kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Kisha akasema: kwenu ni kiungo.
Kwake kinaingia damuni, kinavunja chembe nyekundu,
moja moja, bila kelele.
Kibichi, kilichoiva, unga wa kopo, ni kile kile.
Na saumu ni ndugu yake, mkali kumzidi.
"Mbwa pia," alisema, akitundika dripu
kwenye msumari wa kalenda. "Mbwa pia."

Udongo wa Mabatini ni wa kuazima,
chimba shubiri mbili unagonga jiwe.
Shubiri mbili zilimtosha.

Wiki tatu, kati ya mlango wangu na wa Nyanjige
haikupita hata chumvi.
Jana jioni akaja mwanawe, Limi,
kidole mdomoni:
"Mama anaomba kitunguu kimoja."
Nikampa vitatu, vile vikubwa.
Mwambie mama, nikaanza,
mwambie mama yako...
Akanitazama.
"Mbona unalia?"
Kitunguu, mwanangu.
Akavigeuza geuza kwenye kipindo cha gauni,
akavikagua, kimoja, cha pili, cha tatu.
"Lakini bado vimevaa nguo zao zote."