Jaribio la Kumi na Nne

Łódź, mji ambao jina lake ni mashua
na bahari hauijui.
Februari. Kiwanda cha pamba kilichofungwa
sasa ni studio; nje nyuzijoto kumi chini ya sifuri,
ndani taa ya kilowati mbili inachoma vumbi,
inanuka kama unywele ulioungua.

Bi Leokadia amekaa kitini tangu asubuhi.
Halipwi aigize. Analipwa awe na uso.
Nyota wa filamu yumo hotelini, amelala;
huyu anamshikia nafasi, kama jiwe kwenye foleni.

Seweryn, fundi taa, anajaribu.
Taa juu: macho yanageuka mashimo.
Taa ubavuni: nusu ya uso yaondoka bila kuaga.
Tunatega karatasi ya kuokea mbele ya balbu,
tunatundika shuka la hospitali, tunatoa shuka,
tunarudisha shuka.
"Laini mno," anasema. "Amekuwa uji."
Mimi nashika stendi, glavu zinafuka,
naandika daftarini: la kumi na moja, bure.
La kumi na mbili, bure.
La kumi na tatu fyuzi ikaungua
na kwa dakika nne giza likatuweka sawa sote.

Humo gizani mama akasema:
"Hapa nilipokaa palikuwa na mtambo wangu, namba sitini.
Dirisha lilikuwa mgongoni.
Nuru haikunijia usoni kamwe
ila kwa kupitia kitambaa.
Kilinimulika kutoka chini, cheupe pe,
msimamizi akidhani namchekea."

Seweryn hakujibu. Umeme uliporudi
akaihamisha taa nyuma ya mabega yake,
akamtandazia mapajani mita tatu za bafta,
na kuanzia kidevuni
uso ukaumuka, polepole, kama unga uliotiwa hamira.
Mikunjo haikufichika. Ilisomeka.
Nikapima: mbili nukta nane.
Mikono yake, bila kutumwa,
ilikuwa ikitafuta uzi uliokatika.

Kesho yake nyota akaja, akaketi.
Bafta ileile, taa ileile,
alama zilezile za chaki sakafuni.
Akaonekana kama mtoto aliyejimulika tochi kidevuni
ili awatishe wenzake.

Seweryn akaifuta chaki kwa kiatu.
"La kumi na tano," akasema.
Nikaenda kuleta shuka.